Damu Yenye Njaa

Dada yangu hajawahi kuniambia jambo bila kipimo. Ukimuuliza kama chai iko tayari, anakwambia dakika mbili, na anamaanisha mbili. Tulipokuwa wadogo alinisimamisha ukutani akanipima urefu kwa rula ya shule, akatangaza mbele ya wenzangu kwamba kwa mwaka mzima nimeongezeka vidole viwili tu, kilichokua ni masikio. Nyumbani tukamwita Bi Vipimo. Jina hilo lilimfuata hadi hospitalini, alikopima damu za watu kwa miaka ishirini na sita, na hata mganga mkuu alikuwa akijisahau anamwita hivyo kwenye vikao.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nachomelea mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Katika kazi yangu ukikosea, geti linapinda na kila apitaye analiona. Katika kazi ya dada ukikosea, karatasi inatoka safi, ina mhuri na sahihi, na hakuna anayejua. Nasema mapema pia kwamba nina hasira za karibu. Mke wangu anasema hasira zangu zinaamka kabla yangu. Naliweka wazi ili asije mtu akadhani katika habari hii mimi ndiye niliyeonewa.

Maabara yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza ya vigae vyeupe, darubini mbili, moja ikiwa na jicho bovu, na mashine ya kuzungusha damu iliyokuwa ikitetemeka mpaka inatembea juu ya meza. Dada aliikunjia kitambaa cha taulo chini yake ili itulie. Kila mwaka waliletwa wanafunzi wapya, na kila mwaka aliwashikia kichupa cha damu mbele ya macho akawaambia maneno yale yale.

"Hizi seli hazijui kama zimeshatoka mwilini. Zinaendelea kula. Ukiiacha damu hapa mezani, zitakula sukari iliyomo, halafu wewe utaandika kwamba mgonjwa sukari yake iko chini, kumbe imeliwa humu humu ndani ya kichupa."

Ndiyo maana, aliwaambia, damu ya kupimia sukari huwekwa kwenye kichupa cha kifuniko cha kijivu, ambacho kina dawa ya kuzifunga seli mdomo. Kama vya kijivu hakuna, basi damu izungushwe mara moja, seli zitengwe chini, maji ya damu yabaki juu. Wanafunzi walikuwa wakimwigiza sauti nyuma ya mlango. Alijua, na hakujali, maadamu walikuwa wakiiga maneno yenyewe bila kukosea.

Kisha ikaja korona. Wodi ya zamani ya upande wa nyuma ikasafishwa, vikapangwa vitanda kumi na viwili, cha kwanza mlangoni na cha mwisho ukutani. Katika wapimaji watano wa maabara, wawili waliugua wakabaki nyumbani. Aliyekuwa akibeba sampuli kutoka wodini, mtu mzima ambaye hospitali nzima ilimwita Mjomba, aliingia na kutoka mle mara sita kwa siku. Wiki ya pili akaanza kukohoa, ya tatu tukamzika. Dada alilia kwa ajili ya Mjomba kuliko nilivyowahi kumwona akilia.

Katika kikao kilichofuata alisimama akatoa shauri. Damu zote za wodi ile zichukuliwe asubuhi, ziwekwe kwenye kisanduku kimoja, kisanduku kipuliziwe dawa na kitoke mara moja tu kwa siku, saa sita mchana. Mtu ataingia hatarini mara moja badala ya sita, na yale makoti ya kujikinga, ambayo yalikuwa yakihesabiwa moja moja, yatapona. Shauri likapita bila ubishi. Hakuna aliyefikiria sukari, kwa sababu wakati ule sukari ilipimwa palepale kitandani kwa kumtoboa mgonjwa kidole.

Baadaye vijiti vya kupimia kidoleni vikakaribia kuisha, vichache vilivyobaki vikawekwa kwa ajili ya wagonjwa wanaoingia tu. Baada ya siku chache vikaisha vichupa vya kijivu. Dada aliandika barua ya kuomba mara mbili, mara mbili akajibiwa kwamba viko njiani. Basi damu ya sukari ikawa inawekwa kwenye vichupa vya kawaida, pamoja na nyingine zote, ndani ya kisanduku kile. Nimeyarudia mambo haya kichwani mara nyingi nikitafuta mtu wa kumlaumu, na kila moja nalikuta na sababu yake nzuri.

Mama alikuwa akiishi kwangu. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya serikali kwa miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu vidole vyake havikutulia, ukizungumza naye anakuchapa mezani neno kwa neno. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, akiutuliza kwa vidonge, na alipenda kumtania dada kwamba amezaa polisi wa vijiko vya sukari. Alianza kwa kikohozi kikavu. Siku ya tano, asubuhi, aliniita akashindwa kumaliza sentensi, na mama hakuwa mtu wa kuacha sentensi katikati. Nilimbeba mgongoni hadi kwenye gari la jirani.

Dada alitupokea mlangoni amejifunika uso mzima, yanaonekana macho tu. Walimtoboa mama kidole kwa kijiti kimoja kati ya vile vya mwisho: kumi na nne, karibu mara mbili ya inayotakiwa. Wakamchoma sindano ya insulini, wakamwanzishia dawa ya kutuliza uvimbe wa mapafu, dawa nzuri lakini yenye tabia ya kupandisha sukari, na wakampa kitanda cha kwanza mlangoni kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mtungi wa oksijeni. Mimi nikabaki nje, kwenye benchi la saruji kando ya uzio. Ndugu hawakuruhusiwa kupita pale.

Kila siku saa nane dada alitoka, akakaa ncha ya pili ya benchi, akanisomea namba. Kesho yake, siku ya kwanza ya kupimwa maabara, sukari ya mama ilikuwa sita. "Imeshuka vizuri," akasema. Daktari aliiona namba hiyo akasimamisha insulini, akihofia isije ikashuka mno mgonjwa akazimia. Siku ya pili ilikuwa nane. Niliwapigia simu mama wadogo wote wawili nikawatangazia kwamba upande wa sukari tumeshinda, bado mapafu tu. Nilisema "tumeshinda", mimi niliyekuwa nimekaa kwenye benchi.

Siku hiyo ya pili nilimuuliza ugonjwa wenyewe unafanya nini hasa ndani ya mtu. Nilitaka adui mwenye sura. Dada alifikiri kidogo, kisha akanieleza, na nakumbuka kwa sababu alisahau kutumia namba.

"Mwili una kinga unayozaliwa nayo," alisema. "Haisubiri kufundishwa. Seli ikivamiwa, inapiga kelele, jirani zake wanasikia wanafunga milango, na seli za ulinzi zinakuja mbio. Sasa hiki kirusi kinachofanya kwanza ni kuiziba mdomo ile seli. Kinaingia kimya kimya. Kinaigeuza jiko lake, inaacha kazi zake, inachoma sukari usiku na mchana ili kitengeneze virusi wenzake."

"Na walinzi wako wapi?"

"Wanachelewa. Na wakija, wanakuja wengi mno, na kwa hasira. Mlinzi mwenye hasira hana subira ya kuchoma sukari taratibu kwa oksijeni. Anaibugia mbichi mbichi, harakaharaka, apate nguvu ya kupigana. Anapiga hadi visivyo na hatia. Mapafu ya mama yanaumizwa na kirusi, halafu yanaumizwa tena na walinzi wake mwenyewe."

"Kwa hiyo hao walinzi wana hasira kama mimi."

"Wewe angalau unalala," akasema, na akacheka kidogo nyuma ya barakoa. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja kwa muda mrefu.

Siku ya tatu, asubuhi, mama alinipigia simu kwa msaada wa muuguzi. Sauti ilikuwa nzito. "Mwanangu, nina kiu. Nimemaliza jagi zima, bado kinywa kimekauka. Na usingizi haunitoki." Nikamwambia ni dawa, avumilie. Nikamwandikia dada ujumbe kumjulisha, nikaendelea kukaa.

Yaliyotokea maabara saa sita na nusu ya siku ile alinisimulia mwenyewe baadaye, nami nayaandika alivyoyasema. Mwenzake alikuwa akisoma majibu ya sukari kwenye mashine, yeye akiandika daftarini kwa mpangilio wa vitanda. Cha kwanza, kumi na moja. Kwa mgonjwa anayetumia dawa ile, kumi na moja haimtishi mtu. Lakini ujumbe wangu ulikuwa kwenye simu pale pembeni, na mwenye kumi na moja hamalizi jagi la maji. Akarudi juu ya ukurasa. Akafunua ukurasa wa jana, na wa juzi. Kila siku namba zilikuwa zikipanda kutoka mlangoni kwenda ukutani, kitanda kwa kitanda, isipokuwa viwili tu vilivyovunja mstari. Wagonjwa walikuwa wamebadilika, wengine wametoka, wengine wamekufa, na bado namba zilipanda vile vile.

"Ugonjwa haupangi foleni," alimwambia mwenzake.

Akapiga simu wodini akauliza damu ya kitanda cha kwanza ilitolewa saa ngapi. Muuguzi akajibu bila wasiwasi kwamba yeye huanza mlangoni saa kumi na mbili, huku akigawa dawa na kubadilisha mitungi, na humaliza ukutani kama saa tano. Damu ya mama yetu ilikuwa imekaa ndani ya kisanduku cha plastiki, kwenye joto, muda wa saa sita, siku tatu mfululizo. Na haikuwa damu ya kawaida. Ilikuwa imejaa wale walinzi wenye hasira, wanaobugia. Damu yangu na yako ingekula sukari kidogo kidogo. Ile ilikuwa na njaa, na ilikula ushahidi wote kabla haujafika mezani.

Mimi nilichoona kutoka kwenye benchi ni dada akikimbia. Kwa miaka yote niliyomjua, Bi Vipimo hakuwahi kukimbia, alikuwa akisema anayekimbia hakupanga. Alivaa koti la kujikinga mlangoni, akaingia wodini, akatoka na kichupa mkononi, akakimbia tena. Nikasimama. Nikamwita. Hakugeuka.

Ishirini na saba.

Akarudi akatoa damu upya kwa wengine wote kumi na mmoja, na kila kichupa kikapelekwa papo hapo. Wanne wengine walikuwa juu vibaya. Daktari akarudisha insulini, zikafungwa dripu, na hadi jioni wodi nzima ilikuwa inatibiwa kwa namba za kweli. Wale wanne walipona, wote. Mama alizinduka siku iliyofuata, akaniambia kwenye simu kwamba chakula cha hospitali kinahitaji kuchapwa upya. Nikacheka nikilia. Lakini mapafu yake yalikuwa yameshachoka, na pumzi ilipungua saa hadi saa, dada akinisomea zile namba za oksijeni kila alipotoka, bila kuruka hata moja. Siku ya nne baada ya kugundua kosa, mama alifariki, saa tisa alasiri.

Tulimzika watu tisa, tumeachana nafasi.

Wiki moja baadaye dada alikuja karakana kwangu. Nilikuwa nachomelea fremu ya dirisha. Alingoja nizime moto, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanieleza yote kuanzia kikao. Hakuacha kitu. Kwamba shauri la kisanduku lilikuwa lake. Kwamba kile alichowafundisha wanafunzi kila mwaka ndicho kilichompita chini ya pua. Kwamba majibu yale matatu aliyasoma yeye na akayasaini yeye.

Niliuliza swali moja. "Kama ungeliona siku ya kwanza, mama angepona?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo, ningemlaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hapana, ningemwambia ni mwongo anajitetea.

"Sijui," alisema. "Sukari ikiwa juu vile, kinga inazidi kuchanganyikiwa na mapafu yanazidi kuumia. Lakini mapafu yalikuwa mabaya tangu alipoingia. Nimepiga hesabu kila upande, mdogo wangu. Sijui."

Sikuwahi kumsikia akisema neno lile. Nikaona kama amenidhulumu hata haki ya kujua. Nikamwambia jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa kazini, nazima mashine: "Umepima damu za watu wote miaka ishirini na sita, ya mama yako ikakushinda."

Alichukua mkoba wake akaondoka. Hilo likaniudhi zaidi.

Miezi saba sikumsemesha. Akipiga simu, naiangalia mpaka inyamaze. Mke wangu alinisema asubuhi na jioni. Alikuwa amesikia kwamba mganga mkuu alimtaka dada aandike kwenye ripoti kwamba tatizo lilikuwa uhaba wa vifaa, basi, jambo liishe, na dada alikataa kuandika hivyo. "Kwa hiyo anataka asifiwe?" nikasema. Mke wangu akanigeukia. "Watu wanne wako majumbani kwao kwa sababu wifi alikimbia," akasema. "Wewe ulikuwa umekaa." Nikatoka nje. Nilijua ni kweli, na ndiyo maana nilitoka.

Mwezi huo wa saba nikaanza kuchoka ovyo na kunywa maji mengi. Mke wangu hakunipa nafasi ya kubishana. Mtoto wa mwenye sukari anapimwa, alisema, akanitoa nyumbani kama anayeswaga mbuzi. Nilichagua siku niliyodhani dada ana mapumziko. Nikaketi kwenye kiti cha kutolea damu, chumba cha pembeni mwa maabara yake, nikakunja mkono wa shati.

Nesi alikuwa mgeni, hanijui. Alinifunga mpira, akapata mshipa kwa mara ya kwanza, damu ikajaa. Kabla hata hajanipa pamba, aliinua macho kwenye saa ya ukutani, akachukua kalamu, akaandika kwenye kichupa saa na dakika. Tatu na kumi na mbili. Kisha akaita, mtu akaja akakichukua akaondoka nacho kwa haraka, hakusubiri kingine.

"Mbona mnakimbizana?" nikauliza.

"Ndio utaratibu wetu hapa, kaka. Hakuna damu inayolala. Isiyoandikwa saa, maabara wanaimwaga, unatobolewa upya." Akanionyesha kwa kidevu ukutani nyuma yangu. "Soma pale. Sisi wote tulisomeshwa hiyo siku ya kwanza kazini."

Nikageuka. Ilikuwa karatasi moja ndani ya plastiki, imeandikwa kwa mkono, mwandiko wa dada, wima, herufi zimeachana sawasawa.

*Kitanda cha kwanza. Mwanamke, miaka sabini na moja, mama yangu mzazi. Damu yake ilikaa muda wa saa sita kabla ya kupimwa, siku tatu. Majibu yalisema sita, nane, kumi na moja. Ukweli ulikuwa ishirini na saba. Shauri la kuzikusanya damu lilikuwa langu. Niliyasoma mimi, nikayasaini mimi. Amefariki. Kama angepona, sijui. Andika saa.*

Chini yake aliweka sahihi yake, ile ile ya kwenye majibu.

Nilisoma mara mbili. Miezi saba nilikuwa nimembebea hukumu ile moyoni, nikidhani naificha kwa wema wangu asiaibike mbele ya watu, kumbe yeye alishaibandika ukutani mahali ambapo kila anayekuja kutolewa damu anaisoma. Machozi yakanitoka bila kuniuliza. Yakaanguka kwenye mkono, juu ya pamba.

Nesi akadhani ni sindano. Akanishika bega. "Pole, kaka," akasema kwa upole. "Imeshaisha."

Nikamwambia bado. Nikashusha mkono wa shati, nikamuuliza kama Bi Vipimo yupo kazini leo. Akasema yupo, huwa hapumziki. Nikaenda kugonga mlango wa maabara.